Earl wa Erroll: Ukoo wa Uskoti, kifo cha Nairobi na binti aliyerithi cheo

BARABARA ya Jogoo, ambayo kila jioni huwafikisha maelfu ya wakazi wa Eastlands makwao, iliitwa Doonholm Road enzi za ukoloni. Jina hilo ni la Kiskoti. Doon ni mto ulioko eneo la Ayr, kusini magharibi mwa Uskoti, na holm ni neno la kale la huko linalomaanisha ardhi tambarare kando ya mto. Karibu na kijiji cha Alloway lipo shamba liitwalo Doonholm, na ndiko William Burnes, babake mshairi mashuhuri Robert Burns, alikoajiriwa kutunza bustani katika karne ya 18. Shamba moja la walowezi mashariki mwa Nairobi likapewa jina hilo. Baada ya uhuru barabara ilibadilishwa jina, lakini mtaa uliojengwa upande huo ulibaki kuitwa Donholm, ukipoteza herufi moja tu njiani.

Kilomita zipatazo 20 kutoka mjini Ayr kuna mji wa Kilmarnock. Jina la mji huo nalo lilifika Nairobi, ila kwa njia tofauti kabisa. Liliingia kama sehemu ya vyeo vya mtu mmoja aliyeuawa kwa risasi nje ya jiji hili usiku wa kuamkia Januari 24, 1941. Huyo ni Josslyn Victor Hay, Earl wa 22 wa Erroll na Baron wa tano wa Kilmarnock.

Mengi yameandikwa kuhusu kifo chake. Kitabu cha James Fox, White Mischief, kilichapishwa 1982 na filamu yake ikatolewa 1987. Wengi waliovutiwa na fumbo la muuaji hawakujishughulisha na swali jingine lililozuka usiku ule ule: vyeo vya marehemu vingekwenda kwa nani, ilhali mtoto wake wa pekee alikuwa msichana wa miaka 15? Jibu la swali hilo lilivigawa vyeo viwili vilivyokuwa vimekaa mikononi mwa mtu mmoja tangu 1831. Ili kulielewa, sharti turudi nyuma karne kadhaa.

Katika mfumo wa makabaila wa Uingereza na Uskoti, Earl ni cheo cha tatu kwa ukubwa. Juu yake wako Duke na Marquess. Chini yake wako Viscount na Baron. Cheo si mali ya kuuzwa wala kugawanywa, na mwenyewe hawezi kumwandikia ampendaye katika wasia. Kila kimoja kina masharti yake yaliyowekwa siku kilipotolewa na mfalme, na masharti hayo ndiyo yanayoamua nani atakirithi hata miaka 500 baadaye. Mwenye cheo akikata roho, mrithi huwa ameshakipata papo hapo, awe yuko chumba cha pili au ng'ambo ya bahari.

Ukoo wa Hay una hadithi yake ya asili, kama zilivyo koo nyingi. Inasimuliwa kwamba katika vita vya Luncarty, dhidi ya Wadenmark, mwaka 990, mkulima mmoja na wanawe wawili walikuwa wakilima kando ya uwanja wa mapigano. Walipowaona Waskoti wakikimbia, walinyakua nira ya ng'ombe, wakaziba njia na kuwarudisha vitani. Mfalme akaahidi kuwapa ardhi yote ambayo kipanga angeruka juu yake kabla ya kutua. Ni hadithi tamu, na nira ya ng'ombe ingali katika nembo ya ukoo, lakini wanahistoria hawaikubali. Kumbukumbu zinaonyesha kuwa akina Hay walitoka Normandy, Ufaransa, na kwamba ardhi ya Erroll, katika eneo la Perth, walipewa na Mfalme William, aliyeitwa Simba, katika karne ya 12.

Mwaka 1314, mwaka wa vita vya Bannockburn, Mfalme Robert Bruce alimpa Gilbert Hay wadhifa wa Konstebo Mkuu wa Uskoti, yeye na warithi wake. Neno konstebo lisimpotoshe msomaji wa Kenya akadhani ni askari wa doria. Konstebo Mkuu alikuwa afisa wa kwanza wa mfalme katika mambo ya jeshi na mlinzi wake mahali popote alipokaa. Cheo cha Earl kilifuata baadaye, Mfalme James wa Pili alipomtunuku William Hay katikati ya karne ya 15. Vitabu vingine hutaja 1452 na vingine 1453, kwa kuwa katika kalenda ya Uskoti ya wakati huo mwaka mpya ulianza Machi 25.

Vizazi vilipita baba akimwachia mwana au ndugu wa kiume. Earl wa tisa, Francis Hay, alijiunga na uasi dhidi ya Mfalme James wa Sita, na mwaka 1594 mfalme akaibomoa ngome yake ya Slains, iliyokuwa pwani ya kaskazini mashariki. Alisamehewa baadaye, akajenga makao mapya yaliyobeba jina lile lile.

Mgeuko mkubwa ulitokea chini ya Earl wa 11, Gilbert, ambaye hakuwa na mtoto. Mwaka 1666 alikirudisha cheo kwa mfalme na kukabidhiwa upya kwa hati iliyopanga mfululizo wa warithi. Hati hiyo iliruhusu urithi umfikie mwanamke pale wanaume wa tawi husika wanapokosekana, na bila ya kugawanywa baina ya madada. Gilbert alipofariki 1674, cheo kilimwendea jamaa wa mbali, John Hay wa Keillour, aliyekuwa Earl wa 12. Mwanawe Charles, wa 13, ndiye aliyepinga muungano wa Uskoti na Uingereza wa 1707 na kuwasilisha malalamiko rasmi kulinda wadhifa wake wa Konstebo. Naye alifariki 1717 bila kuoa.

Hapo ndipo sharti la hati lilipofanya kazi. Dada yake Mary akawa Earl wa 14 kwa haki yake mwenyewe, au kwa istilahi ya makabaila, Countess. Ni lazima tutofautishe. Mke wa Earl pia huitwa Countess, lakini yeye hupata jina hilo kwa ndoa, kama vile mke wa chifu anavyoheshimiwa kwa ajili ya mumewe. Mary alikuwa mwenye kiti. Tena hakukikalia kimya kimya. Mwaka 1745, wakati Mwanamfalme Charles Edward Stuart alipofika kudai ufalme wa babu zake, mama huyo aliwakusanya wapiganaji kumuunga mkono.

Naye pia hakuacha mtoto. Alipofariki 1758, urithi ulihamia kwa mjukuu wa dada yake Margaret. Margaret alimzaa Anne. Anne aliolewa na William Boyd, Earl wa nne wa Kilmarnock. Na mtoto wao mkubwa alikuwa James Boyd. Ukifuata nasaba ya kuumeni, James hakuwa Hay hata kidogo. Damu ya Hay aliipata kukeni, kupitia kwa mama na bibi. Lakini cheo kilikuja, naye akaacha jina la Boyd na kuitwa Hay.

Kisa cha kijana huyo na babake ni miongoni mwa visa vya kusikitisha katika historia ya nchi ile. Katika vita vya Culloden, Aprili 1746, baba alipigana upande wa waasi na mwana akawa katika jeshi la serikali. Yasemekana kwamba mzee alipopitishwa akiwa mateka, kichwa wazi, mwanawe alitoka kwenye safu na kumvisha kofia yake mwenyewe. Agosti 18 mwaka huo Earl wa Kilmarnock alikatwa kichwa jijini London kwa kosa la uhaini, na cheo chake kikafutwa. Ni kwa sababu hiyo James hakurithi chochote kutoka kwa baba. Alichokipata kilitoka upande wa mama, na mwaka 1761 mwana wa msaliti, kwa lugha ya mahakama ya wakati huo, alihudhuria kutawazwa kwa Mfalme George wa Tatu akiwa Konstebo Mkuu wa Uskoti.

Jina la Kilmarnock lilifufuliwa mwaka 1831. Earl wa 18, William George Hay, alikuwa amemwoa Elizabeth FitzClarence, binti wa Mfalme William wa Nne na mwigizaji Dorothea Jordan. Mfalme huyo alizaa watoto kumi na mwigizaji huyo bila ya ndoa. Hakuna hata mmoja aliyeweza kurithi ufalme, lakini wengi walioa au kuolewa vyema. (Waziri Mkuu wa zamani David Cameron ni wa uzao wa Elizabeth huyu.) Mkwe wa mfalme akapewa cheo cha Baron Kilmarnock. Hiki hakikuwa cha Uskoti ya kale. Kilikuwa cha Ufalme wa Muungano, na sharti lake lilikuwa moja: kirithiwe na wanaume wa uzao wake pekee.

Kwa miaka 110 tofauti hiyo haikumsumbua mtu. Kila Earl wa Erroll alikuwa pia Baron Kilmarnock kwa kuwa kila mara palikuwa na mtoto wa kiume. Kilichopungua ni mali. Ardhi ya Erroll yenyewe ilikuwa imeuzwa tangu karne ya 17. Makao ya Slains yaliuzwa 1916 na Earl wa 20, na mwaka 1925 paa likang'olewa. Magofu yake yangali juu ya mwamba yakitazama bahari.

Josslyn alizaliwa Mei 11, 1901, mjukuu wa huyo aliyeuza ngome. Babake, Earl wa 21, alikuwa mwanadiplomasia aliyefanya kazi Ujerumani. Kijana alifukuzwa kutoka shule ya Eton, akamwoa Idina Sackville mwaka 1923, na mwaka uliofuata wakahamia Kenya. Nyumba yao katika bonde la Wanjohi, Nyandarua, waliiita Slains. Maisha ya anasa waliyoyaishi walowezi wa bonde hilo yameelezwa mara nyingi kiasi kwamba hatuna haja ya kuyarudia hapa. Babake alipofariki 1928, Josslyn akawa Earl na Konstebo Mkuu. Ndoa hiyo ilivunjika 1930. Akamwoa Mary, aliyejulikana kama Molly, wakahamia Oserian kando ya Ziwa Naivasha. Molly alifariki 1939.

Mwaka 1934 alijiunga na chama cha mafashisti wa Uingereza, jambo ambalo waandishi wanaompamba hupenda kulipita haraka. Mwaka 1938 alichaguliwa kuwakilisha Kiambu katika Baraza la Kutunga Sheria, enzi ambazo Waafrika wa Kiambu hawakuwa na kura. Vita vilipoanza akafanywa katibu wa masuala ya kijeshi jijini Nairobi. Alipatikana amekufa ndani ya gari lake aina ya Buick karibu na makutano ya barabara za Karen na Ngong, risasi kichwani. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe Diana alikuwa na uhusiano na marehemu, alishtakiwa na kuachiliwa huru Julai 1, 1941. Broughton alijiua mwaka uliofuata mjini Liverpool. Diana mwenyewe aliishia kuwa mke wa Baron Delamere wa nne mwaka 1955, akafariki 1987. Hakuna mwingine aliyewahi kuhukumiwa. Earl amezikwa katika uwanja wa kanisa la St Paul's, Kiambu, kando ya Molly.

Basi turudi kwa yule msichana. Jina lake pia Diana, Diana Denyse Hay, aliyezaliwa Januari 5, 1926, na wakati huo alikuwa akilelewa Uingereza na jamaa za mamake. Alikuwa mtoto wa pekee. Kwa cheo cha Uskoti, kukosekana kwa ndugu wa kiume kulimfanya kuwa mrithi moja kwa moja, mbele ya ami yake. Hivyo risasi iliyofyatuliwa Karen ilimfanya kuwa Countess wa 23 wa Erroll, Konstebo Mkuu wa Uskoti na mkuu wa ukoo wa Hay. Lakini Kilmarnock, cheo cha 1831, hakikuweza kumwendea mwanamke. Kilimpita na kumfikia ami yake, Gilbert, akawa Baron wa sita, na mwaka ule ule akaacha jina la Hay na kulirudia la Boyd, jina ambalo James aliliacha karibu karne mbili kabla. Vyeo hivyo havijakutana tena. Gilbert alifariki 1975. Mwanawe Alastair, mwandishi wa vitabu kuhusu Uhispania, alifariki 2009 na mdogo wake akashika nafasi yake.

Haki ya Diana ilikuwa na mapengo. Angeweza kuwa Konstebo Mkuu, mtu wa kwanza wa Uskoti baada ya jamaa ya kifalme, lakini asingeweza kuketi katika Bunge la Makabaila kwa kuwa ni mwanamke. Makabaila wa Uskoti waliokuwa wanaume nao walichagua wenzao 16 tu kuwawakilisha humo. Vizuizi vyote viwili viliondolewa na sheria ya 1963, miaka 22 baada ya yeye kurithi.

Mwaka 1946 aliolewa na Iain Moncreiffe, mtaalamu wa nasaba aliyekuwa na cheo cha ukoo wake mwenyewe. Ndoa hii ilileta fumbo jingine, kwani desturi ya Uskoti haipendi mtu mmoja kuwa mkuu wa koo mbili zenye majina tofauti. Suluhisho likawa kugawana. Mwana mkubwa, Merlin, aliyezaliwa 1948, alichukua jina la Hay na kumrithi mamake alipofariki 1978, akiwa Earl wa 24. Mdogo wake, Peregrine, akabaki na jina la Moncreiffe na ukuu wa ukoo wa baba. Merlin alikuwa miongoni mwa makabaila 92 waliobakizwa bungeni na sheria ya 1999, na Mei 2023 alishiriki katika kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Tatu akiwa Konstebo Mkuu, wadhifa ule ule wa 1314. Kwa hesabu ya kuumeni huyu ni Moncreiffe, na waliomtangulia tangu 1758 ni Boyd. Mara mbili ukoo huu umeokolewa na mabinti zake.

Msomaji wa Kaloleni au Shauri Moyo anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Mwaka ule Erroll alipouawa, Shauri Moyo ulikuwa mtaa mpya, uliojengwa kuwapokea wakazi waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Jirani yake, Pumwani, palikuwa na wanawake waliomiliki nyumba kwa majina yao. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990, The Comforts of Home, ameeleza jinsi wanawake hao, wengi wao wakiwa wametengana na koo zao za mashambani na wengine wamesilimu, walivyojiteulia warithi: mabinti, wapwa, au wanawake wadogo waliowachukua kama watoto. Hawakungoja mfalme wala hati ya 1666. Walijianzishia nasaba zao wenyewe, zinazopita kukeni, katika jiji ambalo sheria yake ilimwona Mwafrika kama mpita njia.

Tofauti ni kwamba akina Hay walibaki na jina baada ya ardhi na ngome kwisha, ilhali watu wa Eastlands wamekuwa na nyumba bila karatasi. Mwenye nyumba wa Pumwani alimiliki kuta na paa. Ardhi ilikuwa ya manispaa. Katika mitaa ya baraza la jiji kama Kaloleni, Ziwani, Bahati na Jericho, mkazi ni mpangaji. Hata hivyo zipo familia zilizokaa nyumba moja kwa vizazi vitatu, baba akimwachia mwana na bibi akimwachia mjukuu, huku kodi ikiendelea kulipwa kwa jina la aliyekwisha kuzikwa. Mipango ya kuibomoa mitaa hiyo na kujenga maghorofa inapofika, ndipo linapozuka swali lile la Januari 1941: nani mrithi halali?

Kisheria, Kenya imekwenda mbali kuliko masharti ya makabaila. Sheria ya Urithi, iliyopitishwa 1972 na kuanza kutumika Julai 1, 1981, haimtangulizi mwana mbele ya binti wala kifungua mimba mbele ya kitinda mimba. Na mtoto wa nje ya ndoa, mradi babake alimkubali, anahesabiwa. Katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, 2005, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba mabinti wapate kidogo kwa kuwa wataolewa. Waislamu, ambao ni wengi Pumwani na Eastleigh, hufuata mirathi ya dini yao mbele ya kadhi, ambapo fungu la mwana ni mara mbili ya la binti. Lakini sheria zote hizi hugawa kile ambacho marehemu alikimiliki. Upangaji wa nyumba ya baraza si miliki, na mahakama haiwezi kumgawia mtu asichokuwa nacho mzazi wake. Ndiyo maana katika mitaa hii mabishano mengi huishia kwa wazee wa mtaa au katika ofisi za nyumba za kaunti, na anayeshinda aghalabu ni yule aliyekuwa akiishi ndani siku mzazi alipofariki.

Hapo binti aliyeolewa mtaa mwingine hujikuta nje, hata kama ndiye aliyemuuguza mzazi. Hakuna sharti lililoandikwa linalomzuia, kama lile lililomnyima Diana Hay cheo cha Kilmarnock. Kinachomzuia ni kwamba ndugu yake ndiye aliyebaki na ufunguo.